Nafuu ya kodi peke yake haitaleta viwanda vya kuchakata taka Bujumbura

BUJUMBURA - Taka zinazotolewa nje ya mageti ya Mutanga Sud zina mali ndani yake. Kuna chupa za maji na za juisi, kuna maboksi, kuna makopo ya aluminiamu, na mara moja moja betri ya sola iliyokufa. Mtaa huu ulio jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi ni wa watu wenye kipato kizuri ukilinganisha na mitaa mingi ya jiji, na mwenye kipato hununua vitu vilivyofungashwa. Hata hivyo mali hiyo huchanganywa na maganda ya ndizi na mabaki ya maharage katika gunia moja, na ikifika dampo la Buterere, kaskazini mwa jiji, thamani yake imeshashuka sana. Nyingine haifiki hata huko. Huishia katika bonde la mto Ntahangwa, ambao mmomonyoko wake tayari unatishia nyumba za mtaa, na mto huo humwaga maji yake Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile ambalo Kigoma, Uvira na Mpulungu wanavua samaki.

Jambo hili ni la biashara kama lilivyo la usafi. Jijini Nairobi chupa za plastiki zina wanunuzi wa kilo. Huko Bugesera, nchini Rwanda, serikali ilijenga kiwanda cha kuchakata taka za vifaa vya umeme, ikakikabidhi kwa kampuni ya Enviroserve ya Dubai kwa mkataba wa miaka 10, na kikaanza kazi mwaka 2018. Bujumbura, kwa sehemu kubwa, bado inawategemea waokotaji wa Buterere na mafundi wa Buyenzi na Bwiza, ambao wanafanya kazi kubwa kwa mtaji mdogo.

Kila mjadala wa kuwavuta wawekezaji katika sekta hii unapoibuka, jawabu la haraka huwa ni moja: wasamehewe kodi. Hesabu zinaonyesha kwamba jawabu hilo halitoshi, na likitolewa bila uangalifu linaweza kuwaletea wananchi hasara kubwa kuliko taka zenyewe.

Nafuu isiyotumika

Burundi haijawa bahili wa nafuu za kodi, walau katika karatasi. Sheria ya uwekezaji ya Septemba 2008, pamoja na sheria ya nafuu za kodi iliyoambatana nayo, ilimpa mwekezaji haki ya kupunguziwa kodi kwa kiasi kilicho sawa na asilimia 37 ya thamani ya mitambo na mali za kudumu alizoweka. Aliyeajiri Warundi kati ya 50 na 200 alipunguziwa kiwango cha kodi ya faida kwa pointi 2, na aliyeajiri zaidi ya 200 kwa pointi 5. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria mpya ya uwekezaji, na Wakala wa Kukuza Uwekezaji (API) ukaipisha ADB, yaani Wakala wa Maendeleo ya Burundi.

Kasoro ya nafuu za namna hii ni kwamba humfaa yule anayepata faida. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ananunua mitambo ya kusaga na kuosha plastiki kwa faranga milioni 100. Kwa mwaka anauza bidhaa za milioni 100. Ametumia milioni 60 kununua chupa kwa waokotaji na milioni 30 kwa umeme, mishahara na usafiri. Faida yake ni milioni 10, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi yake ni milioni 3. Nafuu ya asilimia 37 ya mtaji wake ni milioni 37. Kwa hiyo, hata kama angeruhusiwa kuihamisha mwaka hadi mwaka, angehitaji zaidi ya miaka 12 kuimaliza, na mitambo ya kusaga plastiki haiishi miaka 12 bila kukarabatiwa upya. Benki itakayomkopesha inajua hesabu hiyo.

Hapo tumemchukulia mtu huyo kuwa na bahati. Waokotaji hawatoi risiti. Mama anayeokota chupa Buterere hana namba ya mlipakodi, na mkokoteni uliopita Mutanga Sud asubuhi hauna kitabu cha ankara. Kanuni ya kodi ya faida ni kwamba gharama isiyo na uthibitisho haikubaliwi. Afisa wa OBR akizikataa zile milioni 60, faida inayotozwa kodi inaruka kutoka milioni 10 hadi milioni 70, na kodi inakuwa milioni 21, zaidi ya mara mbili ya faida halisi. Mwenye kiwanda ana njia tatu: afunge, atafute ankara za uongo, au ajifiche asionekane kabisa. Wengi wa wale wanaofanya kazi hii katika miji yetu ya Afrika Mashariki wamechagua njia ya tatu, na kwa kujificha hawawezi kukopa wala kupata mkataba wa manispaa.

Wapo wanaoitaja VAT kuwa ndiyo mkosi wa sekta hii. Kwa maoni yangu hoja hiyo hutiwa chumvi. Mwokotaji hatozi VAT, hivyo mchakataji hana alichokilipa cha kudai arudishiwe. Tatizo kubwa liko kwenye kodi ya faida.

Kenya ilizunguka sana kabla ya kulifikia jambo hili. Sheria ya Fedha ya 2019 iliweka kodi ya asilimia 15 kwa miaka 5 ya mwanzo kwa kampuni inayoendesha kiwanda cha kuchakata plastiki, wakati kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 30, na ikasamehe VAT kwenye mitambo ya viwanda hivyo. Halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikaamuru kwamba kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo wa kielektroniki wa eTIMS haitakubaliwa katika hesabu za kodi. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukachukua. Ilibidi sheria irekebishwe Desemba 2024, ili anayenunua kwa mkulima mdogo au kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka aandike ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya muuzaji.

Kipengele hicho kimoja, kikiigwa Bujumbura, kingemsaidia mchakataji kuliko miaka 5 ya msamaha. Mnunuzi angeandika jina la mwokotaji, uzito, bei na namba ya simu iliyopokea malipo, na OBR ingekuwa na rekodi ambayo leo haina. Hazina isingepoteza kitu, kwa kuwa kodi inayoachwa ni ile ya faida ambayo haikuwepo.

Mnunuzi wa uhakika

Kuna mfano ulio karibu nasi zaidi, nao ni wa mbolea. Kiwanda cha FOMI cha hapa Bujumbura kilianza kutengeneza mbolea inayochanganya malighafi asilia, samadi ikiwemo, na madini. Kuanzia mwaka 2019 mbolea yake ndiyo iliyoingia katika mpango wa taifa wa ruzuku ya mbolea, PNSEB, ambao wakulima huweka oda na kulipa sehemu ya bei mapema. Mwekezaji huyo huyo akavuka mpaka. Oktoba 2021, wakati wa ziara ya Rais Évariste Ndayishimiye nchini Tanzania, liliwekwa jiwe la msingi la kiwanda cha Itracom Fertilizers huko Nala, Dodoma, katika nchi ambayo soko lake la mbolea ni kubwa mara kadhaa kuliko la kwetu.

Kilichomfanya mwekezaji ajenge, kwa mtazamo wa kiuchumi, ni kujua kwamba bidhaa itanunuliwa. Nafuu ya kodi ni nyongeza. Ni kweli kwamba mnunuzi wa uhakika ana gharama yake. Mpango ukiwa na msambazaji mmoja, akichelewa hakuna wa kumkimbilia, na wakulima wa Burundi wamelalamika kwa misimu kadhaa kuhusu mbolea waliyoilipia ikafika wakati mvua zimeshanyesha. Serikali ikitaka kutumia njia hii kwa plastiki, kwa mfano kwa kuamua kwamba mabomba ya mifereji au vitofali vya njia za waenda kwa miguu katika kazi za umma viwe na kiasi fulani cha plastiki iliyochakatwa, zabuni iwe wazi kwa zaidi ya kampuni moja.

Hapa pana jambo ambalo wawekezaji wageni hulisahau. Amri ya Agosti 2018, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2020 baada ya muda wa mpito wa miezi 18, ilipiga marufuku kutengeneza, kuagiza na kuuza mifuko na vifungashio vingi vya plastiki nchini Burundi. Kwa hiyo soko rahisi kuliko yote la plastiki iliyochakatwa, yaani mifuko, limefungwa, kama lilivyofungwa Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Mchakataji wa hapa anabakiwa na bidhaa za kudumu, au na kuuza malighafi nje.

Kazi ya manispaa inaanzia getini

Mambo hayo ya kodi ni ya serikali kuu. Lakini vivutio ambavyo jiji na tarafa zinaweza kuvitoa bila kusubiri Bunge ni vingi kuliko inavyodhaniwa, na Mutanga Sud ni mahali pazuri pa kuvijaribu.

Malighafi ndiyo ya kwanza. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka za mijini ni mabaki ya chakula na majani. Yakichanganywa na chupa na karatasi, yanaharibu vyote viwili: karatasi inaloa, chupa inahitaji kuoshwa kwa maji mengi, na mboji inayopatikana ina vipande vya vioo ambavyo hakuna mkulima wa Cibitoke atakayevitaka shambani kwake. Hakuna mtambo unaorekebisha hilo kwa bei nafuu. Kutenganisha nyumbani, gunia moja la vinavyooza na jingine la vikavu, kunagharimu gunia moja la ziada.

Nani atafanya hivyo bila sababu? Kaya za mtaa huu hulipa ada ya kila mwezi kwa vikundi vinavyozoa taka. Ada hiyo ni chombo cha bei ambacho kipo tayari. Anayetenganisha alipe pungufu na asiyetenganisha alipe kamili, na kikundi kifidiwe tofauti hiyo kwa kuuza vile vikavu. Si jambo la nadharia tupu. Ukitaka ushahidi kwamba Warundi wanaitikia bei, tafuta chupa ya Primus katika taka za Mutanga Sud. Ni shida kuipata. Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, inauza bia kwa chupa za kurudishwa, na ukienda dukani bila chupa tupu unaambiwa ulipie chupa. Kwa sababu hiyo kila chupa ina bei, na yenye bei haitupwi. Chupa ya plastiki ya maji, iliyokaa rafu moja na hiyo, haina bei, ndiyo maana inaziba mfereji.

Dhamana kama hiyo kwa chupa za plastiki ingekuwa kivutio kikubwa kuliko vyote, lakini haiwezi kuwekwa na mtaa peke yake. Aidha, isitozwe kwenye bidhaa za kutoka nje tu. Ndani ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tozo inayoiangukia juisi ya Tanzania na kuiacha ya Bujumbura ni ushuru uliovishwa nguo nyingine, na Dar es Salaam wataiona hivyo. Kenya imechagua njia ya kumfanya mtengenezaji na mwagizaji wawajibike sawasawa kwa vifungashio wanavyoviingiza sokoni, kwa sheria ya taka ya 2022 na kanuni zake za 2024.

Jambo la pili lililo mikononi mwa manispaa ni muda wa mkataba. Kikundi chenye kibali cha mwaka mmoja kitanunua mkokoteni. Chenye kibali cha miaka 7 kinaweza kununua mashine ya kubana chupa, kwa kuwa kinajua malighafi ya mitaa fulani ni yake kwa muda wa kulipa deni. Kiwanja kidogo chenye umeme na maji karibu na Buterere, kikitolewa kwa kodi ya pango inayoeleweka, kinakamilisha. Umeme wenyewe umepata nguvu kidogo baada ya bwawa la Rusumo la megawati 80, ambalo Burundi, Rwanda na Tanzania wanagawana sawa kwa sawa, ingawa mtu anayeendesha kiwanda Bujumbura bado ataweka jenereta katika bajeti, na mafuta ya jenereta ni habari nyingine: tangu 2021 nchi imepitia vipindi virefu vya kukosa petroli na dizeli.

Lori linalorudi tupu

Kwa mfanyabiashara wa mpakani habari njema iko barabarani. Burundi inaagiza vitu vingi vizito kuliko inavyouza. Malori yanayoleta bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Kabanga na Kobero mengi hurudi bila mzigo au na mzigo kidogo, na mwenye lori anayerudi tupu hukubali bei ambayo asingeikubali wakati wa kuja. Ndivyo ilivyo pia kwa meli za Kigoma. Mzigo wa plastiki iliyobanwa, usio na haraka na usiooza, unafaa kabisa kwa safari ya aina hiyo.

Lakini lazima ubanwe. Lori la semi-trela lililojazwa chupa zisizobanwa halibebi hata tani 3, kwa sababu limebeba hewa. Likijazwa marobota yaliyobanwa vizuri linakaribia tani 20. Mashine ya kubana, kwa hiyo, ndiyo uwekezaji wa kwanza ambao Bujumbura inapaswa kuuvutia, kabla ya kuota kiwanda kinachogeuza chupa kuwa nyuzi za nguo.

Kuhusu ushuru, wafanyabiashara wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao. Kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya zinahesabu vitu vilivyotumika, vilivyokusanywa kwa watumiaji ndani ya nchi mwanachama na visivyofaa kwa kingine ila kupata malighafi, kuwa vimezalishwa kikamilifu katika nchi hiyo. Chupa iliyotengenezwa Asia, ikanyweshwa maji Mutanga Sud na kuokotwa hapo, ni mali ya Burundi kwa mujibu wa kanuni hizo. Ikiwa na cheti cha uasili inaingia Tanzania, Kenya au Uganda bila ushuru wa forodha. Kabla ya kupakia, hata hivyo, robota ni lazima liwe safi na la aina moja ya plastiki. Tangu Januari 2021 marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka plastiki chafu au iliyochanganywa isivuke mpaka bila idhini ya nchi inayoipokea. Kwa hiyo yale magunia mawili ya getini yana uzito hata kwa afisa wa forodha wa Kabanga.

Linabaki suala la dola. Anayeuza marobota nje anaingiza fedha za kigeni, na anazihitaji kwa vipuri. Baada ya faranga kushushwa thamani kwa kiasi cha asilimia 38 Mei 2023, pengo kati ya bei ya benki na ya mitaani halikutoweka, na kanuni za Benki Kuu (BRB) kuhusu fedha za mauzo ya nje zimebadilika mara kadhaa. Muuzaji anayelazimika kubadilisha dola zake kwa bei ya chini na kununua vipuri kwa bei ya juu anatozwa kodi ambayo haimo katika sheria yoyote ya kodi. Ruhusa ya kubaki na sehemu inayojulikana ya dola hizo, kwa muda unaojulikana, ni kivutio kinachouma kuliko karatasi ya API ya zamani.

Betri ni hadithi nyingine

Katika taka zote, kinachomvutia mwekezaji haraka bila kubembelezwa ni betri za magari, pikipiki na sola, kwa sababu ya risasi iliyomo. Hapo ndipo serikali zetu zinapaswa kusita.

Kenya Metal Refineries EPZ ilianza mwaka 2007 kuyeyusha betri chakavu jirani na kijiji cha Owino Uhuru, Changamwe, Mombasa. Jina lake linaonyesha ilikuwa chini ya mpango gani: maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje, pamoja na nafuu zake zote. Ilikuwa mfano kamili wa kiwanda cha kuchakata kilichovutwa kwa vivutio. Moshi na majitaka yake yaliwafikia wakazi wapatao 3,000, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miongoni mwa waliowajibishwa ni taasisi za umma, NEMA ikiwemo. Maana yake ni kwamba mlipakodi aliyekwisha kumpa mwekezaji nafuu mwanzoni ndiye anayeitwa tena kulipa sehemu ya fidia.

Buterere ina wakazi wengi, ina mashamba ya mpunga, na inapakana na maji yanayoelekea ziwani. Tanuru la risasi hapo, au popote katika bonde la Imbo, halipaswi kupewa kivutio chochote. Betri zikusanywe zikiwa nzima, zikiwa na tindikali yake ndani, zihifadhiwe katika ghala lenye sakafu ya zege, na zisafirishwe kwa utaratibu wa idhini wa Basel kwenda kwa kiwanda chenye leseni. Waokotaji wamezoea kuimwaga tindikali chini kwanza, ili betri iwe nyepesi kubeba. Anayenunua betri nzima kwa bei ya juu kuliko iliyomwagwa atalikomesha hilo haraka kuliko askari. Na endapo siku moja atakuja mtu na ombi la tanuru, OBPE, ofisi ya ulinzi wa mazingira, ipime risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto wa jirani kabla ya kutoa kibali na kila mwaka baada ya hapo, kwa gharama za mwombaji, zilizowekwa benki mapema.